Mkono wa Mama Mbu

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila mtaani lilikwisha kusahaulika. Watu walimwita Mama Mbu, mbele yake na nyuma yake, naye akaitika. Kazi yake ilikuwa kufuga mbu. Si mzaha. Ng'ambo ya barabara kuu kulikuwa na taasisi ya utafiti, majengo ya chini yenye mabati ya kijani yaliyopauka, na mwisho kabisa wa ujia, ukishapita maabara na stoo, kulikuwa na chumba chenye milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ili anayetoka asitoke na mtu. "Mtu," ndivyo alivyosema mwenyewe. Neno mdudu halikumtoka kinywani akiwa mle ndani.

Joto la chumba kile lilikuwa kama la jikoni sufuria ikichemka, kwa sababu mbu hapendi baridi. Vizimba vya wavu mweupe vilipangwa rafuni, na kila kimoja kilikuwa na tundu lililoshonewa kitambaa kama mguu wa soksi. Unapitisha mkono humo, unafanya kazi yako, unautoa, na hakuna aliyetoroka. Chini kulikuwa na mabeseni ya maji yaliyojaa viluwiluwi, vikicheza kama nyuzi zilizopata uhai. Mama Mbu alivinyunyizia chakula cha samaki kilichosagwa, akabadilisha pamba za maji ya sukari kwenye vizimba. Sukari ni ya wote, lakini madume hawanywi kingine, damu hawaigusi maisha yao yote. Hapo alipenda kuwatania wanawake wenzake kwamba kama wanatafuta mume mpole, waje achague mmoja awafungie.

Mbu wale hawakuwa kama hawa wanaotuimbia masikioni. Walikuwa uzao wa uzao wa mbu ambao hawajawahi kukutana na dawa. Huku nje mbu wameizoea. Unapuliza, anapepesuka kidogo, kisha anaendelea na safari zake. Wale wa mle ndani walikuwa wageni wa dunia, hawajui lolote. Dawa mpya ikitengenezwa, au chandarua kipya kikiletwa, kilipimwa kwao kwanza. Kikishindwa kuwaua hao, hakina maana, kirudishwe kilikotoka. Walikuwa kama jiwe la mizani. Jiwe likipotea, kila muuzaji atakwambia uzito anaoutaka yeye.

Kwa hiyo kazi ile ilikuwa na miiko. Marashi hapana, mafuta ya kunukia hapana, mikono inanawishwa kwa maji matupu, bila sabuni. Na mwiko haukuishia kazini, ulimfuata mpaka chumbani kwake. Nyumbani kwa Mama Mbu hapakupulizwa dawa, wala hapakuingia chandarua chenye dawa. Alilalia chandarua cha zamani, kitambaa tu, chenye viraka vingi kuliko wavu wenyewe.

Aliyelipa gharama ya miiko hiyo alikuwa binti yake. Alikulia katika nyumba ile akijikuna, akalazwa hospitalini kwa malaria akiwa darasa la tatu, na tena alipovunja ungo. Mara ya pili, homa ilipomwachia kidogo, alimwuliza mama yake kama mbu wa serikali wanalipwa kuliko yeye. Mama Mbu alimkamulia kitambaa cha maji, akamwekea kwenye paji la uso. Swali lile lilibaki ndani ya nyumba kama samani, watu wakalizoea, wakawa wanalizunguka.

Sasa binti alikuwa msusi, ana kibanda chake karibu na kinyozi mmoja mwenye redio kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Na ilikuwa katika redio hiyo mtaa uliposikia kwamba serikali imekata fedha za utafiti, na kwamba taasisi ile itafungwa.

Watu walipiga simu redioni asubuhi nzima. Mmoja aliuliza inakuwaje kodi yake inanunulia mbu sukari wakati yeye chai anakunywa kavu. Mwingine akasema wafukuzwe wote, hao ndio wanaowafungulia mbu usiku ili wasikose kazi. Mwalimu fulani alijaribu kueleza, akaanza mbali, na kabla hajafika kwenye jambo lenyewe muda wake ukaisha. Wanafunzi wa chuo waliandamana na mabango mpaka kwenye mzunguko wa barabara, jua likawashinda, wakatawanyika. Mwanamke mmoja hakukejeli. Alisema ana mtoto wodini, na wodi haina dawa, basi wakimwambia achague kati ya dawa ya leo na utafiti wa kesho, watamsamehe. Mama Mbu alikuwa amesimama nje kwa kinyozi na kapu lake la nyanya. Kwa wengine wote alikuwa na la kuwajibu. Kwa huyo mama hakuwa nalo.

Kinyozi alimwona, akapunguza redio. "Pole, Mama Mbu. Serikali imekunyang'anya watoto wako. Utadai matunzo?"

Wateja wakacheka, naye akacheka nao, maana ukikataa kucheka utani unageuka kuwa kisu.

Lakini binti yake hakucheka. Siku hiyo mteja mmoja, kichwa kikiwa nusu kimesukwa, alisema kwa sauti kwamba anaogopa kuguswa na mtoto wa mbu. Utani, lakini kibanda kizima kiliangua kicheko. Jioni binti alirudi na macho mekundu, wakasemezana maneno ambayo mama na mwana hawapaswi kusemezana. Mwishoni binti alikaa kitandani, amechoka.

"Sasa imekwisha, mama. Niahidi hutarudi kule."

Mama Mbu akaahidi.

Tatizo ni kwamba mchana wa siku hiyohiyo alikuwa amekwisha kumwahidi mtu mwingine. Mkubwa wake wa kazi, daktari mwembamba asiyejua kupandisha sauti, alikuwa amezunguka kuomba mpaka akapata taasisi ya mbali iliyokubali kuupokea ule uzao. Gari lingekuja mwisho wa mwezi. Yeye mwenyewe alikuwa anahama, ameshafunga vitabu vyake kwenye maboksi. Alimwambia Mama Mbu hana mshahara wa kumpa, hana hata haki ya kumwomba. Alimwomba hivyohivyo: wawe hai tu mpaka gari lije.

Basi kila asubuhi binti akienda kibandani, mama alijifunga kanga akavuka barabara. Alimwambia binti yake kwamba ana rafiki mgonjwa, hana wa kumtazama. Ulikuwa uongo, lakini haukuwa mbali na kweli kama uongo mwingine.

Umeme ulikuwa umekatwa. Kifaa kilichokuwa kikipasha damu moto ili mbu wanywe kilichukuliwa na watu wa ukaguzi. Mama Mbu alipunguza ufugaji mpaka kikabaki kizimba kimoja na mabeseni mawili. Mlinzi wa getini, mtu wa makamo aliyeachwa pale alinde milango tu, alimchemshia maji kwenye jiko lake huko nje, mbali, moshi usiingie, akayabeba kwa ndoo zenye mifuniko mpaka kwenye mlango wa kwanza ili chumba kipate joto. Hakuwahi kuuliza sababu. Alisema tu kwamba jengo tupu linamtia upweke, na mbu nao ni majirani.

Na damu? Damu ilikuwa mkononi. Alikunja mkono wa gauni, akapitisha mkono wa kushoto kwenye ile soksi, akaulaza sakafuni mwa kizimba, akatulia. Walikuja mmoja mmoja, kisha wengi, wakitua taratibu. Tangu vizazi na vizazi hawakuwahi kuonja mgonjwa, kwa hiyo hawakuwa na maradhi ya kumpa, ila muwasho tu. Aliwatazama matumbo yakijaa yakigeuka mekundu kama punje za komamanga, akazungumza nao. Aliwaambia habari za mtaani. Aliwaambia huko waendako kuna umeme.

Siku zikasogea, gari likakaribia. Ikabaki kesho kutwa.

Jioni hiyo alirudi akakuta kitanda kimetandikwa vizuri na chandarua chake kimefuliwa. Si kufuliwa tu. Kila tundu lilikuwa limeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo, ile ambayo msusi pekee ana subira nayo. Binti alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anatafuta kitu.

"Nimekifua," alisema. "Kilikuwa kinatia aibu."

Mama Mbu alishika ncha ya kile chandarua. Tangu yale maneno yao, hilo ndilo jambo la kwanza jema kupita kati yao. Alitaka kusema mengi, akasema ahsante. Akalala usingizi mzito, mkono umeegemea wavu kama alivyozoea tangu ujana.

Asubuhi alinawa kwa maji matupu, akaenda. Kwanza aliingiza mkono kwenye mabeseni, akaondoa uchafu ulioelea juu, akachota wale waliokuwa tayari kutoka majini, akawatia kizimbani. Kisha akaulaza mkono wake. Walikuja kama kawaida. Lakini hawakukaa. Mmoja alitua akaruka haraka, kama aliyekanyaga kaa la moto. Mwingine akaanguka chali, akazunguka. Alidhani wana baridi, akaenda kuomba maji zaidi. Aliporudi sakafu ya kizimba ilikuwa imetapakaa mbu, miguu juu, myembamba kama nyuzi za kitambaa kilichochanika. Kwenye mabeseni viluwiluwi vilikuwa vimezama, havichezi.

Alitoka nje mbio kama msichana, akamkuta mlinzi akipuliza moto. Akamwuliza ni nani aliyeingia na dawa. Mlinzi akasema hakuna. Akamwuliza amelipwa na nani. Mlinzi aliweka chini kile kipande cha karatasi alichokuwa akipepelea moto, akamtazama.

"Mama," alisema, "mimi ndoo zile nimezibeba kwa mkono huu huu; nitawaua kwa upi?"

Mama Mbu alirudi ndani, akakaa kati ya ile milango miwili mpaka jua likageuka, kwa sababu hapo palikuwa si ndani wala si nje.

Jioni binti alikuwa mchangamfu. Alikuwa amepika, amemwekea mama yake chakula kwenye sahani ya wageni. Akamwuliza amelalaje.

"Vizuri."

"Hukuumwa na mbu hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Binti akatabasamu, akainama kama mtoto anayetoa zawadi aliyoificha mgongoni. "Sikukwambia, ungekataa. Nilikichovya dawa. Ile ya pakiti, na nikaongeza kidogo. Nilisema sasa mama hana tena watu wa kuwaogopea, naye alale kama binadamu."

Mama Mbu alikuwa na tonge mkononi. Alilitazama, akautazama na mkono wenyewe, juu mpaka kwenye kiwiko, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akala lile tonge. Alilitafuna kwa muda mrefu. Akasema chakula kitamu.

Maana angesema nini? Kwamba aliahidi akavunja? Kwamba usiku mmoja tu binti alipompenda mama yake waziwazi, mapenzi hayo yaliua kile alichokuwa akikionea wivu tangu utotoni? Hilo lingemtosha msichana maisha yake yote. Mama Mbu alikwisha kumpa la kubeba, homa mbili na swali moja. Hakutaka kumwongezea mzigo.

Gari lilikuja kesho yake. Dereva alishuka na sanduku lenye vitambaa vya unyevu na chupa za maji ya vuguvugu, limeandaliwa kwa uangalifu kama kitanda cha mtoto mchanga. Mama Mbu alimwonyesha kizimba. Dereva aliinama, akachungulia. Akasema huko alikotoka walikuwa wamekwisha kuwatayarishia chumba. Akauliza wamekufa na nini.

"Na chandarua," alisema Mama Mbu. "Kizuri sana. Waambie kinaua."

Dereva akadhani ni majonzi yanasema, akamwacha. Gari likaondoka na sanduku lake tupu.

Alikwenda getini. Mlinzi alikuwa amempa mgongo. Alimwambia, kaka, nimekukosea, nilikuwa nimechanganyikiwa, kosa lilitoka kwangu. Mlinzi akasema maji yamechemka, hayana kazi leo, basi wanywe chai. Wakanywa, bila maziwa.

Aliporudi mtaani alikuwa amebeba kile kizimba kitupu kwapani. Kinyozi alimwona kwa mbali, mkasi hewani.

"Mama Mbu, leo watoto umewaacha na nani?"

"Wamekufa wote."

Mtu mmoja ndani alipiga makofi. Mwingine akasema afadhali, sasa tutalala. Kinyozi alifungua mdomo aongeze la kwake, akayaona macho ya yule mama, mdomo ukabaki wazi bila kitu. Alinyoosha mkono akazima redio. Mama Mbu akapita.

Kizimba alikisukuma chini ya kitanda, akalala ndani ya chandarua mchana kweupe, viatu miguuni. Binti alimkuta hivyo. Akainua ncha ya wavu, akaingia, akakaa pembeni yake. Alikumbuka yule rafiki.

"Mama, mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Amefariki."

"Jamani, mama. Pole." Akaushika mkono wake, ule wa kushoto, akaona alama nyekundu ndogondogo zilizoanza kupona, akazipapasa bila kuuliza. "Alikuwa anaumwa nini?"

"Hakuwa na kinga," alisema Mama Mbu. "Hata kitu kidogo tu kingemwua."

Ndipo akalia. Binti alimkumbatia akambembeleza, akamwambia alie tu, rafiki ni rafiki, na zile kuta nne za wavu zikawafunika wote wawili, safi, zimeshonwa vizuri, na hakukuwa na mbu hata mmoja.