Ukuta wa Mama Mishale

Inatangazwa kwamba shule zetu zimekwisha kuingia katika zama za kidijitali, na kwamba michoro ya mkono ukutani ni dalili ya kubaki nyuma. Mkaguzi aliyasoma hayo kwa sauti ya mazishi, katika darasa la kompyuta ambamo mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Nyuma yake ulikuwa ukuta wa mwalimu wa kompyuta, ambaye wanafunzi humwita Mama Mishale. Aliuchora baada ya binti mmoja kuuliza, bila mzaha wowote, kama mvua ikinyesha picha zilizohifadhiwa kwenye wingu hulowa. Akakusanya masalio ya rangi ya geti, akachora simu, mshale, mnara, mshale, waya uliofukiwa ardhini, mshale, kisha jumba la mashine zinazounguruma, lenye mafeni na mlinzi mlangoni.

"Wingu ndilo hilo," akawaambia. "Ni kompyuta za watu, na zinakula umeme."

Darasa zima likaelewa. Mtihani ulikuwa umekaribia, na vitabu vya somo hilo havikuwahi kufika. Kitu pekee kilichokuwa kikifundisha mle ndani, ukimtoa mwalimu mwenyewe, ni ule ukuta. Ndicho kilichomuudhi mkaguzi.

"Ufutwe," akasema. "Masomo yote mtaletewa kwenye mtandao."

"Upi?" akauliza Mama Mishale.

Mkuu wa shule akakohoa, kikohozi cha mtu anayestaafu mwakani.

Fundi aliyeitwa kupaka chokaa alikuwa mdogo wa mumewe. Mama Mishale akamsimamia mlangoni, mikono kiunoni.

"Shemeji, huna haya? Unawafutia watoto wa watu mtihani!"

"Njaa haina haya, shem. Halafu huyu mlinzi uliyemchora, kitambi hiki si cha kaka yangu kabisa?"

"Paka, unyamaze!"

Akapaka. Chokaa alikuwa ameizimua mpaka ikakaribia kuwa maji, na ilipokauka mishale yote ikachungulia, pamoja na kitambi.

"Mbona bado inaonekana?" mkuu akafoka.

"Niliambiwa nipake, mzee. Kuficha ni kazi nyingine."

Mama Mishale akaendelea kufundisha, akiifuatisha mistari hafifu kwa ncha ya rula, kwa hasira iliyomnyoosha mgongo. Masomo ya mtandaoni yangali yanasubiriwa.

Mtihani ukaja, umetungwa katika ofisi ya mkaguzi yuleyule. Swali la kwanza lilisema: "Kwa penseli, chora mchoro unaoonyesha safari ya picha kutoka kwenye simu hadi kwenye wingu."