Semboja na Bomu Lililomzaa

Semboja, muuza mitumba wa Mkata, alikuwa mtu wa kubishana hata na salamu. Ila jambo aliloling'ang'ania kuliko yote ni lile bomu la Hiroshima. Alilitetea kama shemeji yake.

"Baba alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, anapigana na Wajapani kule Bama, nchi ya Burma," alituambia kila tulipokunywa chai kwenye kibanda cha Grasiana. "Bomu likaanguka, vita ikaisha, baba akarudi, nikazaliwa mimi. Lisingeanguka, suruali hizi mngeuziwa na nani?"

Grasiana alimimina chai huku amenuna. "Na watoto walioungua?"

"Vita ni vita, mama."

Mwaka 1995 wenzetu waligombana juu ya vyama vingi, sisi tukagombana juu ya bomu. Mwezi wa nane redio ikatangaza kwamba limetimiza miaka hamsini. Semboja siku hiyo akaja amechomekea shati, utadhani kaalikwa harusini. Grasiana uvumilivu ukamwisha.

"Twende kwa mama yako Kwaluguru," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akimngoja mumewe."

Jumamosi tukaenda, mimi nikifuata kwa umbeya tu. Tulimkuta Bibi Zamda uani, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama," Semboja akaanza, kifua mbele. "Hebu waambie hawa jinsi bomu lilivyomrudisha baba."

"Marahaba. Bomu gani tena? Baba yako alirudishwa kwa jeraha la mguu. Alinikuta shambani napalilia mahindi."

Kwetu huhitaji kalenda kuelewa hapo. Mahindi ya masika hupaliliwa mwezi wa nne. Mwezi wa nane yako ghalani. Kadi ya jeshi ya marehemu baba yake iliandikwa alirudi 1945 tu, na mwezi Semboja akaujaza mwenyewe kichwani. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Basi mimi na bomu hatujuani," Semboja akasema, akitafuta pa kutokea.

Bibi hakucheka. "Na kama lingemleta? Mimi niliomba mume wangu arudi, mwanangu. Sikuomba mtoto wa mwenzangu aungue."

Kicheko kikaniisha, nikaona haya. Grasiana, aliyekuwa ameshinda, akainama akamsaidia Bibi kupukuchua.

Semboja alichuchumaa mbele ya mama yake. "Mama," akasema, "tangu nipate akili nimekuwa nikishukuru watoto wa watu kuungua."