Kisima cha Irangabiye na Karatasi ya Sabuni

Ilikuwa mwaka wa 2021. Hapana, nasema uongo: ilikuwa 2022, mvua zilipokwisha. Mama Irangabiye, mjane Mrundi wa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, aliwaita majirani kumi na wanane wachimbe kisima. Kwao wanaita ikibiri: leo kwangu, kesho kwako, kila mtu na jembe lake. Yeye mwenyewe alishuka shimoni kwa kamba. Wanaume wakimtania, anajibu kutoka chini: "Vuta ndoo, baba, mdomo haupandishi udongo!"

Mwezi wa tano maji yakatoka. Tukanywa. Pembeni akapanda lengalenga na vitunguu, batoto wa mtaa mzima wakala mboga.

Mwezi wa nane wakaja watu wa shirika fulani na karatasi ya majina. Sasa mujue: kambini karatasi ya majina njo chakula, njo sabuni. Ukiuliza maswali, jina linarukwa. Kwa hiyo tulipanga mstari bila kusukumwa, tukabandika vidole gumba. Hata mimi. Sabuni tulipata kweli, kipande kimoja kimoja.

Wiki iliyofuata tukakuta kibao cha bati kinachosema shirika njo lilichimba, na mfuniko wenye kufuli. Maji ni saa mbili mpaka saa nne asubuhi, ya kunywa tu. Kumwagilia bustani, marufuku. Lengalenga likakauka na mwenyewe analitazama.

Nikamsindikiza Lilongwe, kwenye biro, ofisi yao. Nje, mpira wa maji ulikuwa unanywesha majani ya mapambo, jua kali, hakuna anayeuangalia! Aliyetupokea alikuwa Wilondja, mkimbizi mwenzetu kutoka Kivu, ameajiriwa pale kutafsiri. Akafungua faili.

"Mama, kiwanja cha kisima mulikitoa wenyewe. Kidole chako njo hiki."

"Mi nilijua iko ya sabuni!"

"Imeandikwa Kiingereza wazi kabisa."

"Kiingereza sisomi, baba. Shimo lile njo ninalisoma, mpaka jiwe la mwisho."

Wilondja akacheka. Mama hakucheka; aliomba ufunguo tu, apate kumwagilia. Akaambiwa ufunguo ni mali ya mradi.

Mi shule yangu iliishia darasa la nne, lakini tarehe nazisoma. Faili, Wilondja alivyotusomea, liliandika kwamba shirika lilichimba mwezi wa nane, na tarehe niliiona mwenyewe. Nikauliza polepole, kwanza Wilondja, kisha mkubwa wake, na baadaye kila mwenye gari lao aliyefika Dzaleka: kama munasema mulichimba mwezi wa nane, yale maji tuliyokunywa tangu mwezi wa tano yalitoka wapi?