Ukuta Usiotimua Vumbi

Mimi kazi yangu ni kupaka rangi, na mara nyingi nafuata nyuma ya shemeji yangu, dada wa mke wangu. Yeye huziba maungio ya bodi za jipsamu kwa puti, kisha huyalainisha. Mafundi humwita Mama Sponji. Sisi wengine tukipiga msasa hutoka weupe kama tuliotumbukia kwenye pipa la unga. Yeye hutoka msafi kama alivyoingia.

Siku ile tulikuwa kwa bwana mmoja aliyegawa sebule yake kwa ukuta wa jipsamu. Upande wa pili alikuwa akilala mama yake, bibi mwenye pumu. Mwanawe alitaka ahamie kwa binti yake hadi kazi iishe. Bibi akakataa katakata.

"Nikitoka, chumba changu kitageuka stoo ya viatu. Nawajua nyie."

Akatandaza mtandio wake mweusi kwenye kiti, karibu na mlango wake. "Huu ukiingia weupe, naondoka mwenyewe."

Shemeji akaanza. Sponji aliikamua hadi ikaacha kudondosha, akapapasa ungio taratibu, akaisuuza kwenye ndoo, akarudia. Puti aliipaka nyembamba tangu mwanzo, kwa hiyo cha kuondoa kilikuwa kidogo. Juu ya mlango tu ndipo palibaki nundu, imekauka kau.

Mwenye nyumba akaokota msasa wangu. "Hapa si dakika moja tu?"

"Weka chini, bosi." Shemeji hakugeuka. Akalowesha kitambaa, akakibandika kwenye ile nundu, akasubiri.

"Sasa unaukanda ukuta kama mgonjwa?"

"Ndiyo. Nikiulowesha mno, karatasi iliyoziba ungio itavimba. Nikiukwangua mkavu, mama yako atakohoa. Unataka mgonjwa yupi?"

Nilinyoosha mkono, naye mwenye nyumba akanirudishia msasa.

Nundu ilipolegea, shemeji aliipangusa kidogokidogo mpaka ikalingana na ukuta. Nikapitisha kiganja nikitafuta ungio. Sikuliona wala sikulihisi. Kazi ya namna hiyo hata kuipaka rangi unasitasita.

Bibi akatoka. Akauinua mtandio, akaugeuza huku na huku penye mwanga wa dirisha, akaukung'uta. Halafu akajitanda.

"Haya, mwanangu," akamwambia mwenye nyumba, "chai yangu niletee chumbani kwangu."