Mapigo Saba ya Herieli

Herieli wa Maisaka huchomelea mageti mchana. Jioni hupiga gitaa la umeme na wenzake wawili katika stoo ya mahindi ya mama yake, muziki mzito wa roki uitwao metali. Mtunzi ni yeye. Tangu masika alikuwa na kipande cha mapigo saba alichokipenda kuliko vyote, ila kila walipokijaribu kilichechemea.

Jumamosi iliyopita Coletha, mpiga dramu wao, aliweka vijiti chini.

"Kuhesabu saba naweza. Ila mwili haujui pa kukanyaga. Wimbo huu hauchezeki, Herieli."

Herieli alinywea. Coletha akiondoka, bendi imekufa. Alichezea nyuzi, kisha akasema, "Basi usinifuate. Wewe piga mapigo manne ya kawaida, kama ya kwaya. Niachie mimi saba yangu."

Coletha akaanza. Gitaa likamkimbia, likapotea kabisa, na Tadeo wa gitaa la besi akakunja uso. Ghafla mapigo saba ya gitaa na manne ya dramu yakaangukia pamoja kwa kishindo. Yakaachana tena, yakakutana tena. Tadeo akaanza kutikisa kichwa, na Coletha akacheka bila kuacha kupiga.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Herieli, na mwanawe akajua wanafukuzwa kwa kelele zao.

"Shikamoo, mama," Coletha alisema, vijiti hewani.

"Marahaba. Mbona mmenyamaza? Leo ndiyo mnapiga kama watu."

Herieli akashusha pumzi ndefu, akaegemea magunia, akacheka hadi machozi yakamtoka.