Mate Yangu na Maji ya Jombo

Nakumbuka siku moja ya kaskazi, mwanangu, niliposimama mbele ya mwanamke aliyenizidi elimu, nikamwambia bila haya, "Daktari, hamna kitu."

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, msaidizi wa maabara katika zahanati ndogo hapa Msambweni. Nilikuwa nimefunzwa kuchemsha sindano, na aliyefunzwa kuchemsha sindano analijua jambo moja: moto huua. Elimu yangu yote ilikuwa hiyo, nami niliiona pana kama bahari.

Daktari Rehana alikuwa mtafiti kutoka Mombasa. Alifuata chemchemi ya maji moto iliyoko kule bara, karibu na mlima wa Jombo. Ukitia mkono unautoa mbio. Kandokando ya maji yale pana utando unaoteleza, na yeye alisema kuwa utando ule ni viumbe hai, wadogo wasioonekana kwa macho, na kwamba wana vimeng'enya. Kimeng'enya, mwanangu, ni kama fundi ndani ya kiumbe. Hata mate yako yana chake. Ndiyo maana ukiutafuna muhogo sana, mwisho unaonja utamu. Kinakata wanga kuwa sukari.

Kazi yangu ilikuwa kuchanganya maji ya utando ule na uji mwepesi wa muhogo, nisubiri, kisha nitone ayodini. Wanga ukiwa bado upo, uji hugeuka buluu nzito. Ukiwa umekatwa, hiyo buluu huioni. Daktari aliandika kwamba vichupa vikae ndani ya maji ya moto kama ya chemchemi yenyewe. Nikasoma, nikacheka moyoni. Nikaona kalamu imemteleza. Nikaviweka katika maji ya vuguvugu, joto la mwili wa mtu, wala sikumwambia.

Siku tatu, buluu tupu.

Aliposikia lile "hamna kitu" langu hakunigombeza. Alianza kufunga vyombo vyake polepole. Waliomtuma walimpa juma moja tu. Akirudi mikono mitupu, utafiti wa chemchemi unafungwa. Akanituma nikamletee utando kwa mara ya mwisho.

Pale chemchemini alikaa Bi Mwanamvua, mama mtu mzima wa Kidigo, akimenya muhogo mlangoni kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekunja uso?"

Nikamweleza kisa chote. Akaniuliza, "Na hayo maji uliyowatia hao viumbe, yalikuwa moto kama haya?"

"La, bibi. Moto kama huu huua."

Akaweka kisu chini. "Moto utamuuaje aliyezaliwa humu? Wewe umempima kwa ngozi yako! Samaki ukimwona kalala mchangani, utasema hajui kuogelea?"

Nikachota utando bila kumtazama usoni. Njia nzima ya kurudi nilitafuta uongo wa kumpelekea daktari, nikaukosa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilipofika nikasema, "Daktari, aliyekosa ni mimi. Sikufuata ulivyoandika. Nilidhani umekosea."

"Ulidhani, ukanyamaza."

"Ndiyo."

Akaanza kuvifungua tena vyombo alivyokuwa amevifunga. Kisha akasema, "Washa jiko."

Tukatengeneza vichupa viwili vya uji. Kimoja kikatiwa maji ya utando. Kingine, aliniamuru nikitie mate yangu mwenyewe. Vyote tukavitumbukiza katika maji ya moto mmoja, tukangoja. Kisha nikatona ayodini. Cha mate yangu: buluu, nzito kama wino, moto ulikuwa umekiharibu kimeng'enya changu kama unavyoligandisha yai. Cha Jombo: rangi ya manjano hafifu ya ayodini yenyewe, basi! Wanga wote umekatwa!

"Rudia," akasema. Nikarudia. Manjano. Tukayaacha maji ya utando motoni mpaka adhana ya adhuhuri, tukayapa uji mpya, nayo yakaukata! Daktari Rehana, mwanamke mpole yule, alipiga kigelegele, na wagonjwa waliokuwa foleni wakaja dirishani kuuliza nani kajifungua.

Utafiti haukufungwa. Alibakia nasi miezi, na katika taarifa yake aliandika jina langu, na kosa langu pia, nami nikajivunia vyote viwili. Baadaye alinieleza kwamba kimeng'enya ni kama uzi mrefu uliokunjwa. Wangu umekunjwa kilegevu, joto likizidi unafumuka; wa viumbe wale umekazwa kama ukili wa mkeka uliosukwa na mkono hodari, hauachii upesi. Leo viwandani vimeng'enya vya aina hiyo vinakata wanga katika joto ambalo vingine havingestahimili.

Mwanangu, ukitaka kumjua kiumbe, au hata mtu, mwendee alipo. Usimpime kwa starehe yako. Ukiona mkubwa wako kama kakosea, muulize kwa adabu, kwani kuuliza si ujinga. Na ukikosa wewe, sema mapema, kazi ingali mikononi. Haya ya siku moja haijamvunja mtu mfupa. Mola akupe moyo wa kukiri na macho ya kushangaa, akukunjulie riziki, na kila ulitendalo kwa ukweli alitie baraka. Amin.