Matanga ya Mgonjwa wa Ndani ya Kaske

Mcheke, mcheke tu, maana mpaka leo nikipita njia za Kilibula kuna watu wananiuliza kama kuna msiba, na aibu yenyewe niliipika mwenyewe nikaipakua.

Nasomea ukunga, na anayebaki na mtoto wangu nikienda shuleni ni mama mkwe, Mama Zawadi, ambaye alishasema wazi kwamba siku masomo yangu yakileta fujo nyumbani kwake nitalea mtoto wangu mwenyewe na vitabu vitakuwa karatasi za kufungia karanga. Sasa shuleni walituletea kaske, ile kofia ya kompyuta unavaa ikafunika macho na masikio, halafu unajikuta maternité, wodi ya wazazi, mama yuko kitandani anazaa na unamzalisha. Kitu kizuri sana (ukikosea hakuna anayezikwa), ila inakusahaulisha uko wapi. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Jumamosi nikamwomba mwalimu niende nayo nyumbani, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Mama mkwe alikuwa amelala chumbani na malaria. Nikavaa kaske saloni, pale sebuleni, nikapiga magoti mbele ya kiti. Mtoto akatoka vizuri, nikajisifu, kumbe mama anavuja damu! Badala ya kuweka mkono tumboni na kusugua, nikaanza kupekua kabati la dawa kama mtu aliyepoteza ufunguo. Sauti ikasema kwa Kifaransa, kavu kabisa, kwamba mgonjwa amefariki. Jamani, yule mama alikuwa ananiangalia machoni! Nikapiga kilio, kile cha kwetu chenyewe: "Mama weee! Mama alikufa! Ni minye nilimuua!"

Ukuta wetu na wa jirani, Mama Riziki, hata kikohozi kinapita, na mtaa mzima unajua mama mkwe ni mgonjwa. Kwa hiyo mimi naendelea kusugua mto wa kiti, masikio yamezibwa, nambembeleza marehemu arudi, kumbe nyuma yangu wanawake wanaingia wakilia na wanaume wanatoa meza nje. Nilipovua kaske nikakuta saloni imejaa watu, wamekaa chini, vitambaa vya vikwembe vichwani.

Mama Riziki akanikumbatia. "Pole, mwanangu. Lakini ile ya kumuua, usiirudilie mbele ya watu."

Nikageuza kichwa begani kwake. Pale kwenye kona, uso umefunikwa kikwembe, alikaa mama mkwe mwenyewe, analia kuwapita wote! Alisikia "mama alikufa", akadhani ni mama yangu mzazi anayekaa Sange, akaamka na homa yake kuja kulia na mimi. Alipochoka akamuuliza mwanamke wa pembeni: "Mama yake alikufia kule kule Sange?"

"Sange gani? Ni Mama Zawadi alikufa. Mwenye nyumba. Mukwe wake alimumaliza."

Kikwembe kikashuka. Mwanaume mmoja (mkubwa, na tumbo lake) aliruka nje kwa dirisha.

"Minye nilikufa," mama mkwe akasema, "na hakuna mwenye aliniambia?"

Nikaeleza yote huku nalia, safari hii kilio cha kweli, maana niliona masomo yangu yanaenda kufungia karanga. Akaomba kaske, akaivaa, akamwangalia yule mwanamke kitandani kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye ulimulilia vile? Iko ndugu yako?"

"Hapana, mama. Hata si mtu."

Akaivua. "Si mtu. Na minye niko mule chumbani na homa tangu asubuhi. Ulikuja kuniangalia mara ngapi?"

Ningependa kuwaambia mara mbili, au hata moja. Mama Riziki naye akaacha kunikumbatia.

"Jumatatu weye uende," akasema akiinuka. "Mutoto nitabaki naye, kwa sababu muntu wa kusahau hivi anahitaji shule. Lakini sasa niletee maji."

Nikapita katikati ya waombolezaji na kikombe, kichwa chini. Mtihani nilipita, na yule mwanamke wa kaske sikumwacha afe tena. Lakini niliapa, na kiapo nakishika: sivai kaske kabla sijamgusa paji la uso mgonjwa aliye ndani ya nyumba.